Somo, nyumba ya Margate imeniteka na mume wangu hajui

Somo wangu, asalaam aleykum.

Mimi ni mama wa miaka 56, kwetu ni Malindi, Mji Mkongwe wa Unguja. Nilikuja Uingereza 2001. Miaka ya mwanzo nilisafisha nyumba za watu, kisha nikasomea uuguzi, na kazi hiyo ndiyo ninayoifanya mpaka leo. Mume wangu naye ni wa Unguja, anaendesha basi hapa London. Tuna watoto watatu: mkubwa yuko Manchester na mkewe, wa kati ni binti wa miaka 24, bado yuko nasi, na mdogo ana 17. Nyumba yetu ni ya vyumba vitatu, imebanwa na majirani kushoto na kulia. Imeandikwa majina yetu sote wawili na mkopo wake tumeumaliza mwaka jana. Siku ile mume wangu alisujudu sebuleni, akaapa kuwa hataingia tena kwenye riba.

Mwezi wa tano nilikwenda Margate, mji wa pwani mashariki ya England, na wenzangu wa kazini. Wao walibaki mchangani, mimi nikapanda mpaka mtaa wa Cliftonville kutembea tu. Nikaona nyumba ina ubao wa dalali, na juu ya mlango wameandika 1884. Somo, sijui nikueleze vipi. Ghorofa tatu, mbali na jiko la chini ya ardhi. Vyumba vya kulala sita. Ukumbi wa mbele una dirisha kubwa lililotokeza nje kama kifua, ukikaa pale bahari iko mbele yako yote. Ngazi ni mbili: ya mbele ni pana, ina mkono wa mbao uliolainishwa na viganja vya watu, na ya nyuma ni nyembamba, ya watumishi, inapanda mpaka vyumba vidogo vya darini. Kule jikoni bado kuna safu ya kengele, moja kwa kila chumba, za kuwaitia watumishi. Nilipoziona nilitaka kucheka na kulia. Mimi nimezipanda ngazi nyembamba za namna ile na ndoo mkononi, na sasa dalali ananiita madam na kunifungulia mlango wa mbele.

Jioni ile jua lilizama baharini. Katika miaka yote niliyokaa nchi hii sijaliona jua likizama baharini. Nilisimama dirishani nikahisi niko Forodhani, ufukweni kwetu Unguja.

Babu yangu alikuwa na nyumba Malindi, sisi sote tumezaliwa humo. Baba alifariki 2006, na 2008 warithi wakaiuza. Shangazi yangu aliyekuwa akiishi humo peke yake, kwa sababu chumba cha pili kilikuwa kinavuja, akahamishiwa kwa mwanawe Ng'ambo. Kaka yangu yuko Maskati tangu 1995, dada yangu ameolewa Dar es Salaam kabla ya mimi kuondoka. Tangu nyumba iuzwe tumetawanyika, hata Idi hatukutani. Aliyeinunua ameigeuza nyumba ya wageni. Mwaka 2019 nilipokwenda Unguja, nililala humo usiku mmoja, chumba cha bibi yangu, nikalipa kwa dola. Sijamwambia mtu.

Nikapiga hesabu: tuiuze nyumba ya London, tununue ya Margate, watoto waje na wajukuu, kaka na dada wapate pa kufikia, Idi iwe moja. Nilipomgusia mume wangu alicheka, akasema, "Beit al Ajaib yenyewe imeanguka, hiyo yako ya 1884 itasimama?" Yeye anataka tuiuze ya London, tumalize nyumba yetu ya Fuoni, kule Unguja, ambayo imeshakula akiba yetu yote, turudi. Anasema nataka kumzika kwenye baridi. Mwanangu mkubwa anasema ile ni makumbusho. Binti yangu ndiye aliyefurahi.

Hapa ndipo penye aibu. Nimekwenda kuiangalia mara tatu. Mara ya tatu nilimwambia mume wangu nimechukua zamu ya ziada. Wanataka pauni 595,000, nami nikamwambia dalali 580,000 nikiamini watakataa. Wiki iliyopita alinipigia simu nikiwa wodini: wenye nyumba wamekubali. Tangu siku ile silali. Dalali mwingine aliniambia ya kwetu inaweza kufika 560,000.

Nimweleze? Niendelee kwanza ndipo nimweleze? Au nijitoe kimya kimya, asijue maisha yake yote?

Mtoto wa Malindi, London

*

Waaleykum salaam, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu mkononi, na utaona kwa nini.

Kwanza nikuondolee hofu moja ili tuzungumze tukiwa na pumzi. Kwa sheria ya England, kukubaliwa bei si kununua. Mpaka mawakili wa pande mbili wabadilishane mikataba na arubuni ilipwe, ambayo kwa kawaida ni sehemu moja ya kumi ya bei, wewe unaweza kujitoa bila kudaiwa kitu, na wenye nyumba nao wanaweza kumpa mwingine aliyekushinda bei. Hujafunga chochote. Hata ungetaka kufunga usingeweza, kwa sababu fedha yako imo ndani ya nyumba yenye majina mawili, na nyumba hiyo haiuziki bila sahihi ya mume wako. Kwa hiyo yale maswali yako matatu, la kati limejifuta lenyewe. Hiyo zamu ya ziada ingekufikisha mpaka mezani kwa wakili, na pale ungeulizwa bwana yuko wapi.

Sikusemi kwa ile zamu. Mtu hatoki nyumbani kwa siri kwenda kuangalia dirisha ila kuna kitu anakitafuta ambacho hajakipatia jina. Lakini umenipa majina mengi ya kitu hicho: wajukuu, Idi, kaka, dada. Niruhusu niyaguse moja moja, taratibu, maana naona kama yamevaa nguo za jambo jingine.

Unasema tangu nyumba ya Malindi iuzwe mmetawanyika. Hapa ndipo nilipochukua kalamu. Kaka yako aliondoka 1995. Dada yako aliolewa Dar kabla hujasafiri. Wewe uliondoka 2001. Nyumba iliuzwa 2008. Mwanangu, mwaka huo nani alikuwa analala mle? Umeniambia mwenyewe: shangazi yenu peke yake, na maji yanadondoka chumba cha pili. Sisemi kuiuza kulikuwa sawa, mimi si mrithi na sikuwepo. Nauliza tu kama nyumba ndiyo iliyowatawanya, au mlishatawanyika na nyumba ikabaki inawasubiri mpaka ikachoka. Jibu lake unalo wewe. Ila likiwa ni hilo la pili, basi hizo ghorofa tatu za Margate zitakuwa na kazi ngumu kuliko unavyodhani, maana kaka wa Maskati atahitaji viza na likizo na nauli, na mwanao wa Manchester ameshakwambia anaiona makumbusho. Umewauliza? Si "mnaonaje nikinunua nyumba", bali "Idi ijayo mtakuja?" Maswali hayo hayafanani.

Sasa nyumba yenyewe. Sikufichi, mie nami napenda nyumba kongwe, na hapa nitakaa kidogo.

Hiyo nyumba yako ni ya enzi ya Malkia Victoria, aliyetawala 1837 mpaka 1901. Imejengwa mwaka mmoja tu baada ya Beit al Ajaib, jumba la Sultani Seyyid Barghash kule Unguja, ambalo ni la 1883, kwa hiyo utani wa mume wako umelenga penyewe kuliko alivyojua. Beit al Ajaib iliporomoka sehemu tarehe 25 Disemba 2020, ikiwa katikati ya matengenezo. Nawe umekulia Mji Mkongwe, unajua ugonjwa wa majumba yale: ukuta wa mawe na chokaa unapumua, unanywa unyevu na kuutoa, mpaka aje fundi mwenye haraka aupake saruji. Hapo maji yanafungiwa ndani, chokaa inageuka unga, boriti zinaoza vichwa pale zilipoingia ukutani. Nyumba za Victoria zina tabia hiyohiyo. Kuta zake ni matofali mazito yasiyo na uwazi katikati, yameshikwa kwa chokaa, na nyingi za ufukweni zilikuja kupigwa plasta ya saruji baadaye ili kuzuia upepo wa bahari. Chumvi ikishaingia kwenye plasta inavuta unyevu hewani, hata siku isiyo na mvua. Vigae vya mawe vya paa vinaweza kudumu zaidi ya miaka mia, lakini misumari inayovishika inaliwa na kutu, na kigae kimoja kikiteleza maji yanafuata. Mifereji ya chuma nayo hivyo hivyo. Sakafu za mbao zina matundu ya hewa chini ya ukuta wa nje, na mwenye nyumba akiyaziba kwa ajili ya baridi, mbao zinaanza kuoza kimya kimya.

Kwa hiyo ukitaka kuendelea hata hatua moja, usiridhike na ukaguzi unaofanywa na mkopeshaji au ule wa juu juu. Wakaguzi wa majengo wana ukaguzi wanaouita wa daraja la 3, na ndio uliokusudiwa nyumba kongwe. Mtafute aliyezoea chokaa. Muulize wakili wako kama nyumba imeorodheshwa kuwa ya urithi, kwani kubadilisha hata dirisha la nyumba ya namna hiyo bila kibali ni kosa la jinai. Na waulize wanaouza kwa nini wamekubali kupunguza 15,000 upesi hivyo. Huenda ni heri tu, huenda wana shida zao, lakini uliza.

Hesabu yako nimeipitia. Kwa viwango vilivyoanza Aprili 2025, ushuru wa stempu anaolipa mnunuzi wa nyumba ya 580,000 ni pauni 19,000, tena ni hapo tu mtakapokuwa mmeiuza ya London. Mkiibakisha, inaongezeka asilimia 5 ya bei nzima, inafika 48,000. Ukichukua 560,000 unayotarajia, umepungukiwa 39,000 kabla ya wakili, wabeba vyombo na kigae cha kwanza. Akiba umesema iko Fuoni. Basi pengo hilo litazibwa na mkopo, na mume wako amesujudu. Ziko benki za Kiislamu Uingereza ambazo hununua nyumba pamoja nawe kwa ubia, ukawa unalipa kodi ya sehemu yao huku ukiinunua kidogo kidogo. Wapo wanaoridhika nayo, wapo wanaosema ni riba iliyovaa kanzu. Hilo mlizungumze nyinyi na mnayemwamini katika dini. Wala usilipeleke mezani kama dawa ya kumnyamazisha.

Nirudi kwenye zile kengele, maana umenigusa hapo. Nyumba ile ilijengwa ili iendeshwe na watu wa darini. Kila chumba kilikuwa na moto wake, na kila moto ulikuwa na mtu wa kuupandishia makaa asubuhi kabla wenyewe hawajaamka. Barua yako ndefu yote haina neno moja juu ya nani atavisafisha vyumba sita. Mume wako ana mgongo wa dereva, binti yako ana miaka 24 na anaweza kuolewa kesho, mdogo anakaribia chuo. Nimekuona umeingia kwa mlango wa mbele, na nimefurahi nawe, wallahi. Lakini usiku, wageni wakishalala, nani atashuka jikoni kwa ile ngazi nyembamba?

Labda unalijua jibu na umeliridhia. Kuna watu kazi ya nyumba yao wenyewe haiwachoshi, na miaka ile ya ndoo inawezekana ndiyo inayokufanya utake hii. Siwezi kuipima nikiwa mbali.

Kuhusu jua. Uliliona mwezi wa tano. Ni kweli kwamba Margate, ingawa iko mashariki ya England, pwani yake inatazama kaskazini na magharibi, ndiyo maana siku za kiangazi jua linazama majini. Lakini Januari jua linatua kusini zaidi, nyuma ya mapaa, na dirisha linalotazama kaskazini halipati mwali hata mmoja. Upepo unaokuja hapo hauna kizuizi. Kabla hujasema nyumba hii ni Forodhani, ione Januari saa kumi na moja jioni, kiza kimeshaingia na mji umefunga. Pia kuna njia ndogo kuliko kununua: majumba mengi ya Cliftonville yamegawanywa zamani kuwa fleti. Mnaweza kukodi ghorofa moja kwa msimu wa baridi, London ni saa moja na nusu kwa treni ya haraka. Hatari yake ni kwamba hii yako ya kengele itakuwa imeshachukuliwa na mwingine. Hiyo ni hasara ya kweli, sitajifanya si kitu. Kama ni bahari na kazi yako vinavyokuvuta, mji ule una historia ya hilo: hospitali iliyoanzishwa 1791 kwa ajili ya maskini wa London wenye kifua kikuu cha tezi, wakilazwa kwenye varanda wapate hewa ya bahari. Jengo lake sasa ni fleti. Nimelitaja kwa kuwa wewe ni muuguzi, nikadhani utapenda kulipitia.

Mume wako naye simwachi. Anasema turudi, na neno "turudi" ni tamu, lakini nalo lina vyumba vyake vinavyovuja. Mdogo wenu ana miaka 17, atabaki na nani? Wewe una miaka 56 na pensheni ya serikali hutaigusa mpaka 67. Tena mtu akihamia Tanzania, pensheni hiyo hulipwa lakini haipandishwi kila mwaka kama ya aliyebaki Uingereza, inasimama pale ilipoanzia. Na nyumba ya Fuoni inayokula akiba: imebaki nini? Paa? Milango? Anayo karatasi ya mafundi, au anayo picha kichwani kama wewe ulivyo na dirisha? Naona nyote wawili mnajenga nyumba ya kumrudisha mtu mahali ambapo hayupo tena. Huenda nimekosea, nisamehe.

Kuna na hili la mirathi, nilitaje upesi kwa sababu ndilo lililoiuza ya Malindi. Nyumba yoyote mtakayokuwa nayo England, mtu akifa bila wasia, sheria ya huko ndiyo inayogawa, si ya Kiislamu. Mwenzake aliyebaki huchukua pauni 322,000 za kwanza na nusu ya kinachobaki, na mkimiliki kwa pamoja bila kugawana mafungu, nyumba yote inakwenda kwake. Andikeni wasia, iwe Margate, iwe hapo mlipo. Lakini hata wasia ulio bora haumlazimishi mwanao wa Manchester kuipenda nyumba ya vyumba sita. Siku moja watoto watatu watakaa kama mlivyokaa nyinyi 2008, na mmoja wao atasema tuuze.

Sasa lile la kumweleza au kujitoa kimya. Ukijitoa kimya, usingizi utarudi upesi na pengine hatojua kamwe. Utabaki na nyumba mbili zisizosemwa, ya Malindi uliyoilipia dola na ya Margate. Binti yako amefurahi, na binti aliyefurahi husema. Ukimweleza, atakasirika, na si kwa bei. Atakasirika kwa zamu. Huenda atanuna wiki, huenda akakutajia baridi na riba na Beit al Ajaib kwa mara ya kumi. Wewe ndiye unayemjua, mimi namjua kwa mistari minne tu, ingawa mtu anayesujudu sebuleni kwa kumaliza deni simwoni kama mtu asiye na moyo wa nyumba.

Ikiwa utachagua kusema, nina fikra moja, uichukue au uiache. Usianze na Margate. Hajawahi kusikia kuwa ulilala chumba cha bibi yako na asubuhi ukapewa risiti. Mweleze hilo kwanza: kitanda kilikuwa upande gani, uliisikia adhana ya msikiti upi, ulilia au hukulia. Mwache aulize anachotaka. Ya Margate yatakuja baada ya hapo, na yakija hayatakuwa tena habari ya mke aliyekwenda kinyume.

Na dalali akipiga kabla hamjazungumza, mwambie kuna mtu mmoja bado hajaiona nyumba.